Plastiki Yenye Rangi Mbili: Chembe za Metali, Mwelekeo wa Mwanga na Jua la Ufipa

Katika zahanati za bonde la Ziwa Rukwa, kuanzia Muze hadi Ilemba, majibu ya malaria husomwa kwenye mstari mwembamba mwekundu. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa huutazama kwa wasiwasi, na mhudumu huvumilia dakika kumi na tano au ishirini kabla ya kutamka neno. Wekundu ule ni dhahabu. Katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, kingamwili zimebandikwa kwenye chembe za dhahabu zenye upana wa nanometa 40 hivi. Zipange 25,000 kwa mstari mmoja ndipo upate milimita moja. Zikinaswa kwa wingi mahali pamoja kwenye karatasi ya kipimo, jicho linaona mstari.

Dhahabu ya pete ni ya manjano, lakini iliyogawanyika hadi udogo huo huwa nyekundu, na sababu ni elektroni zake. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Wimbi linapoipita chembe, elektroni zote za chembe huyumba pamoja, upande huu na upande ule, na iko kasi moja ya kuyumba ambayo chembe huiitikia kuliko nyingine zote. Kwa chembe za dhahabu za mviringo, kasi hiyo inaangukia kwenye mwanga wa kijani, karibu na urefu wa wimbi wa nanometa 520. Kijani kinamezwa, nyekundu inapita. Kwa fedha, kinachomezwa ni urujuani ulio karibu na nanometa 400, na machoni hubaki manjano. Michael Faraday alilichunguza jambo hili mjini London na kulitangaza mwaka 1857: majimaji yake mekundu yalikuwa na dhahabu yenyewe, iliyotawanyika kwa udogo usioonekana. Hesabu kamili ilisubiri hadi mwaka 1908, alipoiandika Mjerumani Gustav Mie.

Sasa chukua chembe kama hizo, zichanganye kwenye plastiki, uanike utando mwembamba, kisha uupashe moto na kuuvuta upande mmoja hadi urefuke mara kadhaa. Utando huo utakuwa na rangi mbili. Ukiupitishia mwanga unaotikisika sambamba na upande uliovutwa, utaona rangi moja. Ukiugeuza robo mzunguko, utaona nyingine. Plastiki haijabadilika, metali haijaongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni mwelekeo tu.

Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila baada ya muda hujitokeza watafiti wanaolifufua kwa matumaini makubwa. Hata hivyo skrini za simu zinazouzwa Sumbawanga, na kwingineko kote, bado hutegemea tando zenye iodini. Naona kwamba utando wenye metali umekuwa ukipimwa kwa kazi isiyo yake. Umeshindanishwa na iodini katika kuzuia mwanga, na huko hushindwa. Nguvu yake iko kwingine, na mahali kama Ufipa, uwanda wa juu wenye mji wa Sumbawanga, pana sababu za kutosha za kuitaka nguvu hiyo.

Kwanza tuutazame mwanga wenyewe. Mwanga wa jua au wa taa hutikisika pande zote kwa mchanganyiko. Polaraiza ni kichujio kinachoruhusu mwelekeo mmoja na kuuzuia ulioukatiza. Mafundi wa simu na televisheni wanaifahamu vizuri: ni karatasi ya plastiki ya kijivu, imegandishwa kwa gundi mbele na nyuma ya kioo chenye fuwele za kimiminika. Fundi akiibandua ile ya mbele, skrini hugeuka nyeupe tupu, ingawa simu inafanya kazi kama kawaida. Picha ipo, ila imeandikwa kwa lugha ya mwelekeo, na jicho la binadamu haliisomi lugha hiyo. Akiishika karatasi mkononi na kuipitisha mbele ya skrini, picha inarudi. Akiigeuza robo mzunguko, mambo yanapinduka: palipokuwa na weusi panang'aa, palipong'aa panakuwa peusi. Sijui somo la fizikia linaloonyesha zaidi kwa gharama ndogo kuliko hilo, na linafanyika mezani kwa fundi kila anapofungua kioo kilichochakaa.

Vitabu vya shule hupenda kuifananisha polaraiza na uzio wa fito: kamba ikichezeshwa juu na chini inapenya kati ya fito zilizosimama, ikichezeshwa kando inakwama. Mfano huu husaidia kwa dakika ya kwanza, halafu unapotosha, kwa kuwa ndani ya polaraiza halisi mambo ni kinyume. Elektroni zinaweza kukimbia kwa kufuata urefu wa mnyororo wa molekuli zilizopangwa ndani yake, kwa hiyo wimbi linalotikisika sambamba na mnyororo ndilo linalomezwa. Linaloukatiza huzikuta elektroni hazina pa kwenda, nalo hupita. Mwanafunzi akiikosa hoja hii, hataelewa kwa nini kuvuta plastiki kuna maana yoyote: kuvuta ndiko kunakopanga njia za elektroni.

Historia ya vichujio hivi inakutana na malaria mapema kabisa. Mwaka 1852 daktari William Herapath wa Bristol, Uingereza, alieleza juu ya fuwele za kijani zilizotokea iodini ilipokutana na mkojo wa mbwa aliyepewa kwinini, dawa ya malaria. Fuwele hizo zilikuwa kiunganishi cha kwinini na iodini, na mbili zikipishana kwa kukatizana, zilizuia mwanga. Miongo saba na ushee baadaye kijana wa Kimarekani, Edwin Land, alizisaga fuwele za namna hiyo, akazipanga ndani ya plastiki, na mwaka 1929 akaomba hataza. Mwaka 1938 alipata njia bora zaidi: kuvuta utando wa polivinili alkoholi na kuutia iodini, ili iodini ijipange yenyewe kwa minyororo kufuata minyororo ya polima. Polaraiza iliyo ndani ya simu yako ni mjukuu wa utando ule.

Lakini metali ilitangulia. Mwaka 1899, huko Ujerumani, Hermann Ambronn na Richard Zsigmondy waliandika kuhusu jelatini iliyotiwa dhahabu na fedha, ambayo rangi yake ilitegemea mwelekeo wa mwanga. Zsigmondy alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925 kwa kazi yake juu ya chembe zilizotawanyika. Mwaka 1912 Richard Gans alipanua hesabu ya Mie kwa chembe zilizorefuka. Kisha mada ikapoa kwa miongo mingi, hadi mwaka 1999, Yannick Dirix na wenzake, akiwamo Paul Smith wa chuo cha ETH mjini Zürich, walipochanganya chembe za fedha na dhahabu kwenye poliethilini, plastiki ileile ya mifuko na ndoo, wakaivuta ikiwa moto. Vishada vya chembe vilivunjika na kujipanga mistari mistari kufuata upande wa kuvutwa. Utando wa fedha ulitoa manjano kwa mwelekeo mmoja, na rangi iliyosogea kwenye wekundu kwa mwelekeo wa pili.

Hapo ndipo pana utamu wa fizikia yenyewe, kwa sababu rangi ya pili inaweza kuzaliwa kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ni umbo. Chembe ikiwa fimbo badala ya tufe, elektroni zinazoyumba kwa urefu wake huwa na safari ndefu, huyumba polepole zaidi, na rangi inayomezwa husogea kuelekea nyekundu. Fimbo ya dhahabu yenye urefu mara nne ya upana wake humeza mwanga ulio karibu na nanometa 800, ambao jicho haliuoni kabisa. Ukizitia fimbo hizo ndani ya polivinili alkoholi na kuvuta, zote hulala upande mmoja, na utando unakuwa polaraiza kwa rangi uliyoichagua mwenyewe tangu ulipopika chembe zako.

Ya pili ni ujirani. Tufe mbili za fedha zikikaribiana, kuyumba kwa elektroni za moja kunaivuta nyingine, na zote mbili kwa pamoja hutenda kana kwamba ni chembe moja ndefu. Athari hii hufifia haraka sana: pengo likifika takribani mara mbili na nusu ya kipenyo cha chembe, karibu haionekani tena. Kwa hiyo mtu anayetengeneza utando hana budi kulinda jambo dogo kuliko jicho lake mara elfu nyingi. Chembe zikitawanyika mno, utando unabaki na rangi moja hata ukivutwa vipi. Zikishikana mno, zinakuwa uvimbe wa metali wenye rangi ya matope. Katikati pana nafasi finyu, na hiyo nafasi ndiyo inayofanya matokeo ya maabara moja yashindwe kurudiwa katika nyingine. Ningependa wanaoandika juu ya ahadi za teknolojia hii walikiri jambo hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Si kila metali inafaa. Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa. Malungu yao, tanuri za udongo zenye urefu wa kama mita tatu, yaliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe bila mivukuto, na mabaki yake yamechunguzwa na wanaakiolojia, akiwamo Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini chuma hakiwezi kufanya kazi tunayoizungumzia. Elektroni zake hupoteza nguvu mapema mno, kabla ya kuyumba vya kutosha, na chembe zake hutoa ukijivu na ukahawia bila rangi kali. Metali zenye sifa hii kwa mwanga unaoonekana ni chache: fedha, dhahabu na, kwa kiasi fulani, shaba. Zote tatu ziliwahi kuchimbwa jirani, Mpanda, pamoja na risasi, na dhahabu inachimbwa hadi leo ng'ambo ya Ziwa Rukwa upande wa Lupa, Chunya.

Tuje kwenye mashindano na iodini. Polaraiza nzuri ya iodini hupitisha takribani sehemu 43 kwa 100 za mwanga wa kawaida, na mbili zikikatizana huzuia karibu mwanga wote, kwa rangi zote kuanzia bluu hadi nyekundu. Ndiyo maana weusi wa skrini ni weusi kweli. Utando wenye metali hauwezi hilo kwa urahisi, kwa sababu chembe humeza mkanda mwembamba wa rangi na kuziacha nyingine zipite. Ukitaka weusi, itakubidi uchanganye fimbo za urefu mbalimbali kwa uwiano sahihi, na gharama inakimbia. Katika mchezo huu iodini imeshinda kwa haki.

Ushindi huo una udhaifu wake, na hali ya Ufipa inaugusa udhaifu huo. Minyororo ya iodini hubomoka kwa joto na unyevu vikikutana. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10. Anga likiwa safi mwezi wa Agosti, kifaa kilichoachwa nje hapa hupata karibu moja ya tano zaidi ya kile cha pwani. Masika nayo huleta miezi ya unyevu, Novemba hadi Aprili. Kioo cha kuonyesha mwendo kwenye pikipiki inayolala nje hupitia yote hayo, mwaka hadi mwaka, na tarakimu zikianza kufifia, polaraiza ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza. Watengenezaji wa magari huepuka tatizo hili kwa kutumia tando zenye rangi maalumu zinazovumilia joto badala ya iodini, nazo hulipia kwa weusi pungufu. Chembe ya fedha au dhahabu iliyozikwa ndani ya plastiki haipeperuki kama iodini. Plastiki yenyewe itachoka kwa jua, ndiyo, lakini rangi iliyo ndani yake haina haraka.

Upo pia uwanja ambao metali iliyovutwa imekwisha kushinda, na matunda yake yanafika Sumbawanga kila siku bila kutajwa. Iodini hupoteza uwezo wake mwanga unapovuka wekundu. Mkongo wa mawasiliano hutumia mwanga usioonekana, wa nanometa 1,310 na 1,550, na leza zake huhitaji ulinzi dhidi ya mwanga unaorudi nyuma. Vifaa vingi vya ulinzi huo vimewekewa kioo chenye chembe za fedha zilizorefushwa kwa kukivuta kioo kikiwa moto. Kampuni ya Corning ya Marekani huuza kioo cha aina hiyo kwa jina la Polarcor. Hicho ni kioo, si plastiki, lakini kanuni ni ile ya Gans na ile ya Ambronn: metali ndefu, iliyolala upande mmoja, inayochagua mwelekeo wa mwanga. Anayesema jambo hili halijatoka maabara ameangalia skrini peke yake.

Kazi nyingine, ambayo naiona ndiyo yenye maana zaidi kwa mkulima, ni alama ya uhalisi. Rukwa ni mkoa wa mahindi. Novemba ikikaribia, maduka ya pembejeo hujaa, na pamoja na mbegu halali huingia nafaka za kawaida zilizopakwa rangi na kufungashwa upya. Mkulima hugundua baada ya wiki mbili, shamba lisipoota vizuri, na msimu hausubiri. Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, huweka lebo zenye namba za kuhakiki kwa simu, na hiyo ni hatua njema. Ila namba ni maandishi, na maandishi hunakiliwa kwa mashine ya kuchapa.

Utando wenye rangi mbili haunakiliwi kwa mashine ya kuchapa. Na kifaa cha kuukagua kiko tayari mfukoni, kwa sababu skrini ya simu hutoa mwanga wa mwelekeo mmoja. Washa ukurasa mweupe, weka kipande cha utando juu ya skrini, kigeuze polepole: manjano inakuwa nyekundu, inarudi manjano. Hakuna programu, hakuna bando, hakuna mtandao wa kutafuta kwa kupanda kilimani. Asiyejua kusoma anaweza kuukagua.

Pana hila ambayo mtu makini ataiuliza mara moja. Plastiki yoyote iliyovutwa, hata selotepu ya kawaida, hutoa rangi za kupendeza ikiwekwa juu ya skrini na kutazamwa kwa miwani ya jua yenye polaraiza. Je, mghushi hawezi kutumia hiyo? Hawezi, na tofauti ni ya msingi. Selotepu haimezi mwanga. Hupinda tu mwelekeo wake, na mpindo huo huonekana pale tu panapokuwa na polaraiza mbili, moja kabla na moja baada. Ukiitazama kwa macho matupu juu ya skrini, inabaki angavu. Utando wenye metali humeza, kwa hiyo polaraiza moja, ile ya skrini, inatosha. Mghushi mwenye elimu anaweza kutumia rangi za kawaida zinazojipanga ndani ya plastiki iliyovutwa, na hizo kweli hudanganya jicho. Lakini nyingi za aina hiyo hupauka juani, na hakuna mghushi wa gulioni anayevuta tando leo. Kuna pia baadhi ya simu ambazo skrini zake zina tabaka la ziada linalovuruga mwelekeo, makusudi, ili zionekane kupitia miwani; kwa hizo jaribio litafeli. Alama hii basi iwe nyongeza ya namba, isichukue nafasi yake.

Gharama ya metali ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Kipande cha sentimita moja ya mraba, chenye unene wa mikrometa 50, kina plastiki ya miligramu tano hivi. Hata tukiweka fedha kwa asilimia 2 ya uzito, ni sehemu ya kumi ya miligramu. Gramu moja ya fedha hutosha lebo 10,000. Gharama halisi iko kwenye ustadi: kupika chembe za ukubwa sawa, kuvuta kwa mwendo na joto visivyobadilika, na kukagua.

Ustadi huo si wa kuagiza wote kutoka nje. Polivinili alkoholi huyeyuka kwenye maji ya moto. Silva naitreti ipo kwenye maabara za sekondari, ambako wanafunzi huitumia kutambua kloridi, na ikipashwa moto ndani ya polivinili alkoholi, polima yenyewe huweza kuigeuza kuwa chembe za fedha. Majimaji huanza kuwa na umanjano mbele ya macho yako. Mwalimu wa shule kama Kantalamba anaweza kuanika utando huo juu ya kioo bapa, kuulainisha kwa mvuke na kuuvuta kwa vibanio viwili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika idara ya fizikia, kina uzoefu wa miongo kadhaa wa tando nyembamba kwa ajili ya nishati ya jua, kwa ushirikiano na wenzao wa Uppsala, Uswidi. Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha imekwisha onyesha kwamba teknolojia ya chembe nano inaweza kufika kijijini: kichujio cha maji cha Askwar Hilonga kilipata tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Na kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya iko Sumbawanga, ambako jua lenyewe ni chombo cha kupimia.

Kipimo kinachokosekana kwa wauzaji wa lebo na kwa wakulima ni cha uvumilivu. Chembe za fedha hupata kutu zikikutana na salfa iliyo hewani, na plastiki nyembamba hupasuka kufuata upande iliyovutwa. Vipande vya fedha na vya dhahabu, kwenye polivinili alkoholi na kwenye poliethilini, vibandikwe juu ya paa la bati kuanzia Mei hadi Aprili, vingine vifungiwe ghalani kati ya magunia, na kila mwezi vipimwe kwa skrini moja ya simu na kamera moja iliyofungwa mahali pamoja: tofauti kati ya rangi ya kwanza na ya pili imebaki kiasi gani? Polivinili alkoholi hunywa maji, kwa hiyo natarajia masika iishinde kabla ya jua, na poliethilini ibaki. Kama ni hivyo, kazi inayofuata ni ya kemia: kuzivisha chembe ganda la mafuta ili zikubali kukaa ndani ya poliethilini bila kushikana.

Upo wajibu mmoja kwa mazingira ambao wanaoshabikia teknolojia hii huupitia haraka mno. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na fedha katika hali ya nano huua vijidudu, vikiwamo vile vya udongo tunavyovihitaji. Lebo ya sehemu ya kumi ya miligramu si tishio ikiwa peke yake, lakini mamilioni ya lebo zinazochomwa pembeni mwa mashamba ni hesabu nyingine. Dhahabu haina shida hiyo kwa kiwango hicho, na kwa kiasi tunachozungumzia tofauti ya bei inaweza kubebeka kwa mfuko wa mbegu wa kilo mbili. Kwa sababu hiyo ningeanza na dhahabu.